Sekunde Tatu

Umeme haukukatika. Ulipepesa tu,
kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni;
taa za ukumbi hazikupata hata muda wa kuzimika.
Lakini ndani ya kabati la kijivu, pale ukutani,
kidhibiti kilisahau kila kitu:
joto la maziwa, vali ipi wazi, pampu ipi yazunguka.
Kikaamka kama mlevi na kuuliza, mimi nani?

Lita elfu moja na mia moja.
Hrachik na mimi tulizifungulia mfereji,
zikapita chini ya theluji ya Gyumri, nyeupe ndani ya nyeupe.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Hawajamwona Bwana Vardges akiwa na ndoo.

"Nunua betri," akaniambia. "Lakini usiniue."

Akaja Smbat kutoka Yerevan, viatu vinang'aa,
na picha ya kabati kubwa kama jokofu la bucha:
litabeba kiwanda kizima, saa nzima!
Bei yake ingemwozesha binti wa bosi, na ngoma ikakesha.
Akaja Gevork, binamu wa kila mtu,
na betri mbili za lori la jeshi zinazovuja asidi kwenye kiti.
Mimi mwenyewe, kwa haraka yangu, nikanunua kasha jeusi la ofisini.
Nikalitia kabatini, ndani ya joto la nyuzi arobaini na moja.
Lililia usiku kucha. Wiki ya sita
betri yake ilikuwa imevimba kama chura.

Pesa yangu hiyo. Sikumwambia mtu.

Bibi yangu Arshaluys, katika miaka ya giza,
alikuwa na mshumaa mmoja kwa wiki.
Hakuuwasha kwa ajili ya chumba.
Aliuwasha kwa ajili ya ukurasa,
akauinamia karibu hadi nyusi zikanuka moshi,
na chumba akakiachia giza lake.

Sijui kwa nini nilichelewa hivyo kumkumbuka.

Nikachukua mita, daftari, na penseli iliyotafunwa.
Pampu: acha. Injini ya kukoroga: acha.
Misuli na ilale, haitasahau kazi yake.
Kidhibiti, wati kumi na nne.
Skrini, tisa. Vipima joto, sita.
Vali ndogo na swichi zake, ishirini.
Nikajumlisha mara mbili, nikadhani nimekosea:
arobaini na tisa.
Balbu ya zamani ya chooni ilikula zaidi.
Tulikuwa tukitaka kununua ziwa
tumnyweshe shomoro.

Betri mbili ndogo za risasi, za kengele za wezi,
zikaunganishwa mkia kwa kichwa, volti ishirini na nne,
na kifaa cha kuzichaji, upana wa viganja viwili.
Kabatini, hapana: joto lingezila.
Ukuta wa nje, hapana: Januari ingezila.
Tukazitundika kwenye ujia, chini ya makoti ya wafanyakazi,
mahali ambapo hata paka wa kiwanda hupachagua.
Hrachik akabandika utepe, akaandika tarehe:
*miaka mitatu, kisha badilisha, hata kama zinakuapia ni nzima.*
Na kila tarehe mosi anavuta swichi kusudi, bila kuaga.

Usiku mmoja wa Februari taa zikapepesa tena.
Pampu zikasimama. Ukumbi ukanyamaza,
nikasikia tone likianguka mahali fulani.
Vali ikarudi kwa springi yake, maziwa yakageuza njia.
Na skrini, ndogo, kijani, kaidi,
iliendelea kusema: nyuzi sabini na mbili,
sabini na moja, sabini,
kama mtu anayehesabu shanga gizani.

Asubuhi bosi akauliza bei.
Nikamtajia. Dram elfu sitini na nane.
Akakunja uso kana kwamba nimemwibia:
"Na mwaka jana mlikuwa wapi?"

Hrachik akatazama makoti.
Mimi nikatazama kasha jeusi, lile lililovimba,
ambalo sasa linauzuia mlango usijifunge.