Linatumika

Nimefuta, limerudi.
Nimefuta tena, kompyuta ikanijibu kwa adabu ya karani:
faili linatumika.
Linatumiwa na nani, Sinza hii, saa sita usiku,
geti la steshenari nimeshaliteremsha,
hata feni imelala?

Jina lake linaanza na kiwimbi na alama ya dola,
halafu: ombi la kazi, Tumsifu.
Faili la muda, wanaliita.
Tumsifu alikuja masika, bahasha kaificha ndani ya shati,
akalipa mia tatu, ikabaki mia mbili.
“Kesho, dada Mwanaidi, nakuja na chenji.”
Sasa vuli inagonga bati.

Kosa langu: siizimi, hufunga kifuniko tu nikaenda.
Nikafuata njia ya fundi Mwinchande, orodha ya vinavyopumua chinichini,
nikaikuta programu ya kuchapia, haina dirisha, haina sauti,
imekaa gizani na karatasi yake mkononi
ikingoja mtu aiambie: hifadhi, au acha.

Nikaikatisha.
Faili likaondoka bila kelele,
baiti mia moja sitini na mbili,
nyepesi kuliko jina lenyewe.

Daftari la madeni liko palepale chini ya kaunta.
Mia mbili, kwa wino wa bluu.
Hilo sijaligusa.