Vifungo Sita vya Shaba

Kasha la babu limefunguka Jumatano,
si kwa ufunguo, kwa mchwa.
Ndani: koti la kaki lenye vifungo sita vya shaba,
kiatu kimoja cha jeshi, cha kushoto,
na upanga uliofuliwa Siyu
kabla baba yangu hajawa hata nia.

Mama asema vitupwe, nyumba ni nyembamba.
Mimi nimeketi sakafuni, nahesabu vifungo.

Alizaliwa Siyu, Mshahame wa Shekuwe,
mji ambao mhunzi alisalimiwa kabla ya kadhi.
Siku ya saba walimgusisha ubapa kipajini, baridi,
wakamnong'oneza majina ya wanaume saba
walioushika kabla yake.
Alipotimia miaka kumi na miwili alijua
kuuchomoa bila sauti, kuurudisha bila kuutazama,
na kwamba mtu wa upanga habebi mzigo,
habishani bei sokoni,
wala hatembei kwa kuhesabiwa hatua.

Kisha likaja tangazo, likabandikwa kwa uji:
silaha zote zikabidhiwe gerezani,
risiti itatolewa.
Risiti!
Babu yake alililia neno hilo siku tatu.
Kuna waliozika panga zao chini ya vitanda,
kuna walioingia nazo msituni.
Mshahame akavuka kwenda Amu,
akasimama mbele ya meza ya karani, akasema:
"Niandikeni."

Walimnyoa nywele zilizofika mabegani.
Wakamfunga ukindu mguu huu, kitambaa mguu ule,
ukindu, kitambaa, ukindu, kitambaa,
yeye aliyefunzwa kutembea kama maji.
Mwalimu wake alikuwa kijana mwenye chunusi
aliyemwita Arubaini na Moja.

Akajifunza. Hilo ndilo wasilomsamehe.
Akajifunza bunduki, ramani, tarumbeta,
na namna ya kuandika ripoti
ambamo mtu akifa huwa tarakimu.
Ombasha. Shaushi. Afande.
Kila cheo alikishona bibi yangu, Mwana Esha,
kwa uzi uleule wa kofia.

Halafu msitu wa nyuma ya Mkonumbi.
Humo alikuwamo Kombo wa Bakari,
aliyenyonya naye ziwa moja,
aliyefunzwa naye upanga uwanja mmoja.
Kombo na panga thelathini.
Babu na bunduki mia mbili.
Alituma mjumbe, mjumbe akarudi na jibu:
"Mwambiyeni naaye pweke, na upanga wake."
Wakubwa zake walitafsiriwa, wakacheka.
Yeye akatazama saa,
kwani alishakuwa mtu wa saa,
akainua mkono,
akaushusha.

Ripoti ipo. Mstari mmoja na nusu.
Mwandiko mzuri, wa madrasa.

Tangu hapo mji ukamwita Jemadari.
Waliolitamka kwa heshima na waliolitamka kwa mate
walitumia herufi zilezile.

Alistaafu Langoni, na pensheni, na kikohozi.
Kila Ijumaa aling'arisha viatu mpaka vikawa kioo,
kisha akaenda msikitini na makubadhi.
Upanga hakuukabidhi kamwe.
Ulikuwa ndani ya godoro la sufi,
miaka thelathini akiilinda sheria mchana
na kulalia kosa usiku.
Bibi ndiye aliyeutoa, siku mbuzi ya kukunia ilipovunjika
na wageni wamo ndani.
Akaupasulia nazi uani, pa!
Jemadari akatokea mlangoni.
Akatazama nazi, akatazama mkono wa mkewe.
"Makali yapo upande wa pili," akasema,
akarudi kulala.

Ndiyo maana ubapa una pengo,
na harufu yake, naapa, si ya damu.

Nimelivaa koti. Lanibana kwapani.
Kifungo cha tatu kimelegea.
Mama anauliza kama nimeamua.
Nakiinua kile kiatu, nakigeuza,
mchanga unamwagika sakafuni:
mwekundu, si wa Amu.

Mama amekamata ufagio.
Nimeushika mkono wake.

Ngoja.