Vazi la Gugumaji

Miaka kumi na tisa nimesoma mita za maji, Nyalenda na Manyatta,
tarakimu moja moja, mbwa wakinibwekea,
na hakuna aliyewahi kuuliza mikono yangu inataka nini.

Basi Jumapili moja sokoni Kibuye,
kati ya lundo la mapazia na viatu vilivyopoteza pacha,
nikanunua cherehani. Ya miguu, nyeusi,
maua ya dhahabu yamekwanguka ubavuni
likabaki nusu waridi.
Mchuuzi akauliza, "Ya mama watoto?"
Nikasema ndiyo. Sina mke.
Ndio uongo wa kwanza niliowahi kuushona,
na mshono wake haukudumu hata wiki.

Fundi Ambetsa hushona sare za shule
barazani pa kinu cha unga.
Alinipa karatasi, si kitambaa.
"Shona hii. Bila uzi."
Jioni nne nilitoboa karatasi,
mistari ikienda kombo kama mtu atokaye matangani,
unga ukitutua mabegani mpaka tukafanana ukoo.
Siku ya tano, uzi.
Siku ya sita akanipa kijichuma cha kufumulia:
"Hiki ndicho utakachokitumia zaidi."

Kisha Amondi, binti ya dada yangu,
akaja kutoka shuleni amenuna.
Kwenye mchezo wao wenzake wamepewa ngege, mbuta, hata kiboko.
Yeye kapewa gugumaji.
"Mjomba, mbona mimi ndiye takataka ya ziwa?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na futikamba.
Nikampima.

Kesho yake nilipitia Dunga kabla ya kazi,
nikang'oa gugu moja, nikaliweka mezani juu ya bili za watu.
Petali sita, zambarau iliyofuliwa mara nyingi,
na ile ya juu ina doa la njano,
kana kwamba aliyeishona alikuwa anakula mchuzi.
Bua limevimba, ndani hewa tupu;
ndiyo maana halizami.
Nikachana godoro kuukuu, nikajaza sponji kwenye soksi ndefu.
Pazia la Kibuye likawa majani,
bandu bandu, hadi mkasi ukala na kipande cha mgongo.
Mikono yote miwili niliishona ya kushoto.
Saa nane usiku niliitazama. Stima ikapotea,
nikaendelea kuitazama.
Nikafumua. Nikashona.
Ya kushoto tena.

Amondi akavaa, akajigeuza mbele ya dirisha.
"Gugu lina kulia na kushoto?"
"Halina."
"Basi usifumue."

Siku ya mchezo, ngege waliimba, mbuta akasahau maneno,
kisha likaingia gugu, moja tu, dogo, polepole.
Akavuta kamba kiunoni
na marinda niliyoyaficha ndani ya marinda yakafunguka,
yakatanda, yakamfunika ngege, yakamfunika kiboko,
yakafika kwenye viatu vya mwalimu mkuu.
Ukumbi kimya. Mtu mmoja nyuma akasema, "Uwi!"
Hapo msumari ukanasa pindo. Kraa!
Nakuapia, moyo haukushtuka:
niliujua mshono ule,
nilijua ningeanzia wapi.

Jumatatu nimeinama kwenye mita, Manyatta,
tope hadi kwenye vifundo,
mwenye nyumba akanisimamia kichwani.
"Wewe ndiye fundi wa gugu?"
Mkononi ana shuka la kijivu,
na nyuma yake mtoto wa kiume, miguu myembamba,
kapewa korongo wa jalalani kwenye igizo la kanisa
na tayari amekwisha kulia.

Nikaandika: sifuri, nne, moja, saba.
Halafu pembeni mwa daftari la kampuni,
kwa kalamu ileile,
kifua: inchi ishirini na tatu.
Bawa: bado,
hataki kunyoosha mkono.