Pongo wa Shamba Namba Nne

Upinde wangu ulikuwa wa mkole,
ugwe wake singa za mkonge nilizosokota pajani
hadi paja likaota sugu.
Mishale mitano:
mmoja ulivaa unyoya wa kanga,
minne ilivaa manyoya ya jogoo wa mama,
na jogoo hakuulizwa, wala mama.

Korona ilikuwa imenyamaza mwaka wa tatu
(korona ya mkonge, nasema, ile mashine, si maradhi)
na Shamba Namba Nne likarudi kwa wenyewe:
nyasi, nguchiro, kwale,
na pongo.

Wa kwanza sikumwona. Nilimsikia akibweka
nyuma ya milingoti, kama mbwa aliyekabwa,
nikadhani ni mbwa wa Kiondo.
Nilipong'amua kosa
kilichobaki ni mkia tu, umesimama,
weupe wa chini yake ukipepea
kama leso dirishani mwa treni.
"Umeshaagwa," Kiondo akaniambia. "Twende nyumbani."

Wa pili ndiye ninayetaka kumsema.
Alfajiri. Umande mpaka magotini.
Upepo ukitoka Zigi ukinijia usoni,
harufu yangu ikienda zake Muheza, sokoni.
Akatokea hatua kumi na nane.
Nilizihesabu baadaye,
nikazihesabu tena,
nazihesabu hadi leo nikikosa usingizi.
Madoa meupe ubavuni, kana kwamba mtu
alimnyunyizia unga akiwa na haraka.
Sikio moja mbele, moja nyuma.
Nikavuta. Mkono ukatetemeka.
Akainua shingo,
akaninyima hata heshima ya kushtuka.
Nikaachia.

Sauti ya mshale unapoingia ni ndogo mno,
kama kidole kikigonga gunia la mchele.

Damu ikaniongoza: jani la mkonge,
jiwe, jani, reli ya trola iliyoliwa na kutu,
tone moja kwenye kokoto,
kisha maji.
Zigi haitunzi nyayo za mtu.
Nilikaa ukingoni mpaka jua likanichoma kisogo.

Jioni, kwa Mama Semgaya, penye tembo la mnazi,
nilisema: amekufa.
Nilisema: nimemwona akielea.
Nikaongeza na pembe, zilikuwa hivi,
na kila niliposimulia mikono ikapanuka
hata Kiondo akauliza
mnyama huyo alikuwa akipita vichakani ubavuubavu?
Watu wakacheka.
Pembe walizikataa. Kifo walikiamini.

Masika ya pili yake nilikuwa nimeshaoa,
nimepanda kunde kando ya korongo.
Usiku mmoja wa mbalamwezi nikatoka na upinde
kwa sababu kulikuwa na kitu kinachuma majani
kwa adabu, tuta kwa tuta,
kama kibarua anayesimamiwa.

Alikuwa anachechemea.
Paja la kulia lina kovu lisilo na manyoya,
upana wake upana wa chembe yangu.
Chembe ile niliifua mwenyewe kwa msumari wa reli;
siwezi kuikosea, hata gizani, hata kwa kuigusa tu.

Akaniona. Hakubweka.
Tukasimama hivyo,
mwongo na ushahidi wake,
katikati yetu kunde.
Ugwe nilikuwa nimeuvuta nusu.
Singa moja ikakatika, tik,
na hata hapo hakukimbia.
Aliuma jani jingine, akatafuna,
akitazama upande wangu kama mtu
anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

Nikashusha upinde.
Si huruma, usinisifu.
Niliogopa kwamba nikimpeleka nyumbani
Kiondo atakuja na kamba apime pembe.

Akamaliza tuta. Akageuka bila haraka,
na ule mkia,
ule weupe niliouona zamani kwa ndugu yake,
safari hii haukuinuka kabisa.

Asubuhi Mwanaidi akakuta matuta matatu ni vijiti.
"Nini hiki?"
"Ngedere," nikasema.
Akainama, akatia kidole kwenye alama ya kwato,
upande mmoja, kisha wa pili,
akaupangusa udongo kwenye khanga.
"Ngedere wa siku hizi," akasema,
"wanavaa viatu."