Lita Ishirini

Dukani kwa Wendell, mjini Moab,
nimefungua vifuniko tisa, nikanusa.
Dumu hili lanuka kandambili mpya.
Hili halina harufu. Liweke pembeni.

Mfuko wa kukunja ni mwepesi, sikatai,
lakini mwaka jana, kwenye njia ya mawe,
ulipasuka nyuma ya gari
ukanywesha unga, blanketi, ramani,
sisi tukabaki na machungwa manne
na jua la siku moja na nusu.
Tangu hapo Zuwena hanicheki
nikikagua mpira wa kifuniko,
nikigonga kuta kwa kidole,
nikitafuta bomba linalojificha ndani
lisije likavunjwa na jiwe.

"Chukua hili la lita ishirini," asema Wendell,
"moja tu, kazi imekwisha."
Lita ishirini ni kilo ishirini.
Hesabu hiyo naijua kwa shingo, si kwa kalamu:
dumu la njano la mafuta ya kupikia,
picha ya mnazi imeshafutika,
alfajiri, kabla ya kengele ya shule.
Bega la kushoto bado linakumbuka.

Nachukua mawili, ya kumi kumi.
Moja likinisaliti, jingine lipo.
Wendell ainua mabega, apiga risiti.

Nyuma ya kituo cha petroli tunajaza.
Maji yanaanza kwa ngoma nzito,
yanapanda, sauti inakonda,
inakonda,
na Zuwena anafunga bomba
bila kuchungulia.

Naye alikulia kwenye foleni.