Tundu Namba Kumi na Moja

Tulifunga mtambo Manzese saa tano usiku,
nyuma ya nyumba ya Bi Sikudhani, kati ya choo na ukuta wa jirani.
Kabla Lupakisyo hajawasha injini
ndoo kumi na nne zilikuwa zimeshapanga foleni.

"Siyo kisima, mama," nikamwambia.
"Tunapima udongo. Treni itapita huku chini."
Akaitazama ardhi, akakitazama choo chake:
"Chini ya hiki? Na itapiga hodi?"

Ndoo hazikuondoka.

Kazi yangu ni kalamu. Mtambo unatapika, mimi naandika.
Mita sifuri hadi mbili: kifusi, mifuko ya rambo, visoda,
kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto.
Mita tatu: mchanga mwekundu, unashikana ukiufinya.
Mita saba: mchanga mweupe. Nikauonja, fomu haikatazi kuonja.
Chumvi kwa mbali, kama shavu la mtu aliyelia asubuhi.
Mita kumi na moja: kombe nzima
ya kiumbe aliyekaa hapa kabla hapajaitwa Manzese,
kabla mtu yeyote hajauliza nauli.

Kule Jangwani, tundu namba nne,
chuma kilizama chenyewe mita tano, hatukukigusa.
Lupakisyo akavua kofia. "Mto haujahama hapa. Umelala tu."
Niliandika: udongo mweusi, laini mno.
Fomu haina kisanduku cha mto uliolala.

Na Kariakoo muuza vitunguu alinicheka:
"Sisi Shimoni tunayo zamani. Ukishuka unapata vitunguu.
Ukishuka kwenu utapata nini?"
"Utapata Mwenge."
"Mwenge nafika kila siku."
"Kwa muda gani?"
Akamenya kitunguu ambacho hakuna aliyekinunua.

Kwenye ramani mstari ni wa zambarau,
Mbagala hadi Tegeta, dakika thelathini na moja.
Mhandisi Nkwabi ameziandika kwa penseli.
Ni mtu mwangalifu.

Mama yangu yuko Tegeta. Mimi Mbagala, Kingugi.
Tunaishi mji mmoja kama watu wa mikoa miwili.
Nasema naja Jumapili, Jumapili inaliwa na barabara,
nafika amesinzia kitini,
chai yangu mezani imefunikwa kisahani,
juu imeota utando.
Dakika thelathini na moja:
ingekuwa bado inafuka.
Sijamwambia mtu hilo kazini. Huwa nasema tu
mchanga mweupe ni mgumu kiasi.

Saa tisa usiku, mita kumi na nane, yakaja.
Yalipanda bombani yenyewe, baridi, bila rangi,
nikayaonja: matamu.
Utaratibu unasema ziba kwa saruji, mara moja.
Lupakisyo akazima injini.
"Navuta sigara moja," akasema, akaenda kukaa barabarani.
Lupakisyo havuti sigara.

Sigara ile ilichukua saa nzima.
Wanawake walitoka gizani na kanga zao za kulalia,
hakuna aliyesukumana, hakuna aliyepaza sauti,
mtoto mmoja tu alikohoa na kuzibwa mdomo.
Ndoo ya mwisho ilikuwa ya Bi Sikudhani. Aliwatanguliza wote.
Tulipomimina saruji alisimama hapo hapo,
mkono kiunoni, kama anayesindikiza mgeni
aliyekataa kula.
"Treni yenu ikifika," akasema, "iambieni ilikuta maji yetu."

Kwenye safu ya kiasi nikaandika: ndoo kumi na nne.
Asubuhi Nkwabi alisoma, akanitazama, akasoma tena.
Akaikata taratibu, akaandika lita mia mbili na themanini,
kwa penseli.
Kisha akauliza ile kandambili iko sanduku gani,
na kama ya kulia ilipatikana.