Marinda

Balo lilifunguliwa Kadutu kabla ya saa moja,
mvua ingali inagonga mabati.
Cibalonza, fundi wa nguo, alivuta mguu wa suruali
likatoka gauni.

Jekundu, madoa meupe makubwa kama vizibo vya soda.
Marinda saba, toka gotini kwenda chini,
yamebebana kama nyumba zetu mlimani:
paa la huyu, uwanja wa yule.

“La Kihispania,” alisema muuzaji, mjuzi wa kila kitu.
“Wanalichezea kwa visigino.”
Akataja bei. Cibalonza akacheka mpaka akakohoa.
Waliachana kwenye dola tatu.

Nyumbani hakulijaribu. Alilifumua.
Umeme ulikuwa umekwenda, nikamshikia tochi.
“Nguo haisemi uongo upande wa ndani,” akasema.
Kiunoni, matundu ya sindano, mistari mitatu:
mtu ameongezwa, amepunguzwa,
ameongezwa tena.
“Huyu amezaa.”
Begani, mkono mrefu umekatwa.
“Au huyu ni binti yake. Joto, au macho ya watu.”
Na rinda la mwisho ni jekundu jingine, jipya zaidi,
maana la kwanza liliishia ardhini.
“Kumbe na kwao kuna matope.”

Akaburuta sanduku la bati toka uvunguni.
Libaya la mama yake, la siku za Zaire:
mwanamke kakatazwa suruali,
fundi akamwaga hamu zote mabegani,
mikono ikavimba, mlangoni ukipita kwa ubavu.
Chini yake, kikwembe cha mwaka wa vita.
Hakina pindo. Hakina ua.
Kina mfuko wa siri karibu na kitovu.
“Mwaka ule mtindo ulikuwa kukimbia.”
Alikikunja haraka, hakunitazama.

Halafu gauni alilonishonea mimi, la arusi ya Nguba,
limenibana mpaka magotini, kisha likafoka marinda.
Sirene, wasichana wanaliita.
Akalilaza juu ya lile jekundu.

Nyonga juu ya nyonga.
Goti juu ya goti.

“Lakini mimi nililitoa kichwani,” akasema,
“naapa, hapa, kichwani mwangu,”
akijigonga paji kwa kidole chenye mkufunzi wa bati,
kile kikofia cha kuzuia sindano.
Nilitaka kumwambia kwamba labda kiuno
kimewafundisha wote wawili kila mmoja na lugha yake.
Sikusema. Tochi ilikuwa inafifia.

Asubuhi alilishona tena, akifuata matundu yaleyale,
akatoboa mstari wa nne.
Pindo alilipandisha vidole viwili,
maana Bukavu ni mteremko na mvua haina adabu.
Alilichukua mwalimu mmoja wa Muhungu, Nsimire,
akazunguka mara moja mbele ya kioo,
akazunguka tena.

Dola kumi na tano.
Mpaka leo hajalipa.